Boti ya Kassim Nimeikata

Likoni,
Jumatatu, baada ya alasiri

Dadangu Zuhura,

Asalaam aleikum, na shikamoo yangu uipokee. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafuu, na Mama bado anamaliza sahani yake. Mara ya mwisho uliniambia maji ya kisima yamerudi kuwa ya chumvi na mnategemea yanayoletwa na punda. Je, mvua zimewafikia? Hapa zimenyesha za kulowesha nguo kambani tu, kisha jua limerudi kama halikuondoka. Sisi tu wazima. Mke wangu anakusalimu, kazi ya uchapaji inakwenda, na kama utasikia kwa watu kwamba nakohoa, ni kweli, na sababu yake utaikuta humu ndani.

Nakuandikia kwa ajili ya ile simu. Uliikata, na ilikuwa haki yako. Mimi kwenye simu hupandisha sauti kabla sijalifikia ninalotaka kusema. Unanijua tangu nilipokuwa nikibishana na maalim chuoni. Karatasi haipigi kelele. Isome polepole, na ukikasirika iweke chini, uirudie kesho.

La kwanza ulisikie kwangu kabla hujaletewa na abiria wa basi la Lamu. Boti ya marehemu shemeji Kassim haipo tena ufuoni. Nimeikata vipande kwa mikono yangu. La pili, ile nafasi yake pale mchangani, uliyoniachia amana siku ulipomaliza eda ukarudi nyumbani Kizingitini, bado ni yako, na nakuomba uiachie. Najua unamwekea nani. Umeniambia mara tatu kwamba Twalib, mume wa binti yako, akipata chombo atakuja kuvua huku, na atakuta mahali pa babamkwe wake panamngoja. Naandika nikilijua hilo.

Unaijua kanuni ya ufuo wetu: chombo cha mtu kikilala mahali, mahali pale ni pake, awe mzima au mgonjwa, awe hai au amekufa, mpaka chombo kiondoke. Labda umesahau nani aliiandika. Ni mimi. Nilikuwa kijana mwenye magazeti kwapani, na matajiri wa nyumba za ufuoni walikuwa na mchezo wao: mvuvi akiugua miezi miwili, wanasema mahali pake hapana mtu, wanapiga ukuta. Nikakaa na kamati, nikaandika kile kifungu kwa herufi kubwa, nikakichapa kwenye mashine ile ile ninayochapia kadi za harusi. Kilituokoa, dada. Mwenye ukuta alipokuja na watu wake, tulimwonyesha mashua tano zimelala na karatasi moja, na akarudi alikotoka. Kwa miaka mingi niliringa nayo karatasi ile kuliko cheti changu cha shule.

Lakini niliiandika nikifikiria mbao. Mashua ya mbao isiposhughulikiwa inakwenda yenyewe. Jua linaipasua, mchwa wanaingia, mbavu zinaanguka, wanawake wanakuja kuomba kuni, fundi anachukua mkuku, ule mti mrefu wa chini, kutengeneza kizingiti cha mlango. Ikiisha, nafasi inarudi kwa watu. Kanuni yangu ilikuwa na mwisho ndani yake, wala sikujua kwamba mwisho ule ulikuwa kazi ya mchwa.

Kisha wakaja wale watu wa mradi na mabango yao na kofia za bure. Wewe ulikuwapo, ulipika chai ya siku ile. Wakatuambia mbao ni mambo ya kale, tunamaliza miti, na hizi boti za faiba haziozi, haziliwi na mdudu, zitatuzika sisi na wajukuu. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nimesoma vitabu vya kutosha kujaza chumba, nimebishana na mawaziri kwenye kurasa za barua za magazeti, na siku ile sikunyanyua mkono kuuliza swali moja dogo: na ikifa, inatupwa wapi? Mradi ulikwisha, ofisi yao leo ni duka la magodoro, na boti zimebaki. Zimepasuka matumbo, hazibebi hata kuku, na hazitoki. Kila moja imelalia mahali pa mtu, na kila mtu ana karatasi yangu.

Sasa nikwambie la Mbwana, maana kwenye simu hukuniachia nilifike.

Mbwana ni yule mvuvi mrefu aliyekuwa akimletea Kassim uji alipolazwa. Mwanzoni mwa kusi alikuja dukani kwangu. Akasimama mlangoni hakutaka kuingia, kwa sababu miguu yake ilikuwa na mchanga. Akaniambia kwa adabu kwamba maji makubwa ya bamvua yakijaa, ufuo wote unabaki ukanda mwembamba chini ya mwamba, na ukanda wenyewe umejaa maiti za faiba. Wanaotoka baharini na samaki hawana pa kupandishia vyombo. Akaomba boti ya Kassim isogezwe, hata kama ni kusimamishwa wima dhidi ya mwamba.

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwa kifungu. Nilifungua droo nikamsomea. Nikamwambia ile ni amana ya mjane, na anayetaka kuigusa apitie kwangu kwanza. Nilisema vizuri sana, Zuhura. Mteja aliyekuwa akingoja kadi zake alitikisa kichwa kwa kuvutiwa. Mbwana akasema, "Haya, wakili," akaenda zake.

Bamvua iliyofuata ikamkuta yeye. Ilikuwa asubuhi, mawimbi mazito, na wenzake watatu wakivuta ngalawa ipande. Pengo lililokuwapo ni lile kati ya boti ya Kassim na ya jirani yake, jembamba kama uchochoro. Wakaipitisha. Wimbi likaja kwa nyuma likaibeba ngalawa nzima likaitupa upande, na Mbwana alikuwa katikati. Mguu ulibanwa kwenye tezi ya boti yetu, kule nyuma palipovunjika pakabaki na meno. Mimi nilifika wakati wanamtoa. Faiba ikivunjika huwa na nyuzi kama sindano za kioo, na zilikuwa zimeingia kwenye nyama kila mahali. Hospitali walijaribu siku tisa. Siku ya kumi waliukata chini ya goti.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nikiyapigia kelele kwenye simu.

Nilianza kutafuta namna ya kuiondoa, na hapo ndipo nilipojua kwamba nchi hii ina ofisi ya kuandikisha boti na haina ofisi ya kuizika. Vijana walinishauri niichome. Mwaka jana walichoma moja, na ule moshi mweusi uliingia nyumba zote za juu, watoto wakatapika, na kilichobaki chini ni mkeka wa kioo uliokuwa ukiwakata nyayo wanawake wanaokwenda kuokota chaza. Wengine wakasema niivute nje ya miamba niitoboe. Mzee mmoja wa hapa alifanya hivyo kwa yake. Ndani ya kuta zake mna povu gumu, kwa hiyo haikuzama, ilikwenda chinichini ya maji siku mbili, na siku ya tatu ikaibukia mbele ya hoteli, wageni wakiwa kwenye kifungua kinywa. Mzee akaitwa aje achukue mali yake. Watu wa vyuma chakavu walikuja kuitazama ya Kassim, wakang'oa bolti na vishikio, wakaniachia mwili. Nilikwenda ofisi moja wakanituma ya pili, ya pili wakanituma ya tatu, na ya tatu wakanirudisha ya kwanza. Niliwaandikia wote. Barua zangu ni nzuri, nina nakala zake.

Mwishowe nikamchukua fundi mwenye grinda. Alikuja amevaa koti la mvua kwenye jua lile, na kanga ya mkewe amejifunga usoni, macho tu yakionekana. Watu wakamtania kama ni bibi harusi. Alipoanza kukata, utani ukaisha. Vumbi lilitoka jeupe, jembamba, likatanda ufuo mzima, kila mwenye ngozi akaanza kujikuna. Fundi alifanya nusu siku akasema mkewe amemwambia arudi na mapafu yake. Sikumlaumu. Niliyobaki nayo niliikata kwa msumeno wa mkono, nikiimwagia maji ya bahari ili vumbi lisipae, siku tatu. Kifua kimeanzia hapo. Mwasho nao bado ninao, hasa mikononi, na nguo nilizovaa mke wangu alizichukua kwa kijiti akazitupa.

Utataka kujua kuhusu kile kipande chenye jina, pale Kassim alipoandika Tawakali kwa mkono wake na ile rangi nyekundu ikachuruzika. Nilikikata kama vingine. Nilisimama, wallahi nilisimama, nikaona kwamba nikianza kubakisha nitabakisha yote.

Vipande nilivipakia kwenye mkokoteni, safari kwa safari mpaka barabarani, halafu lori. Kwenye jaa la taka mlinzi akafunua turubai.

"Hii ni nini?"

"Taka."

"Hii ni boti, mzee. Naona namba hapa. Boti ni chombo, si taka. Lete karatasi ya kufuta usajili."

Nikamwambia mwenye usajili amekufa. Akasema basi aje mrithi na cheti cha kifo, na hata hivyo jaa lake halipokei faiba, kwa sababu tingatinga ikiipanda inapasuka na kuwatoboa waokotaji. Yule mlinzi alikuwa mtu wa kwanza katika jambo hili aliyemfikiria mwingine. Tukageuza lori. Vipande viko nyuma ya nyumba yangu vimepangwa mpaka dirishani, na jikoni kumeingia giza mchana. Mke wangu ananipakulia chakula, anakwenda kula kwa jirani.

Hata hivyo nilijiambia, angalau mchanga umebaki mtupu. Nafasi ya hatua kumi na mbili, safi, mahali ambapo chombo kizima kinaweza kupanda maji yakijaa. Asubuhi ya kwanza ngalawa mbili zilipanda pale bila shida, na mabaharia wake wakanipungia mkono kutoka mbali. Nilikaa kwenye jiwe nikawaangalia. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilipofanya kitu kikafaa mtu hapo hapo.

Asubuhi ya nne nilikuta boti nyingine ya faiba imelala pale. Imevunjika pua, imejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Ni ya mwenyekiti wa kamati.

Nikaitisha kikao. Wewe unajua nikiitisha kikao huwa inakuwaje. Walikuja wengi, wengine kwa ajili ya tamasha tu. Mbwana aliletwa na nduguze, akaketishwa kwenye kiti mbele, magongo yake mapya yameegemezwa ukutani. Nikasimama nikasema nusu saa. Nilisema kifungu kile ni changu na kimekuwa sumu. Nilisema ufuo wa walio hai umekuwa makaburi ya plastiki, na kila mmoja wetu anakalia kaburi lake akisema ni urithi. Nilitaka wakifute, na kila mwenye boti iliyokufa aiondoe kabla ya bamvua ijayo. Walinisikiliza. Wako waliolia.

Mwenyekiti hakupandisha sauti hata kidogo. Alitoa karatasi mfukoni, ile yangu, imekunjwa mpaka imechakaa. Akasema, "Bwana Shee, tusomee wewe, maana hii lugha ni yako." Watu wakacheka. Nikasoma. Nilipomaliza akaniuliza nafasi ile ni ya nani. Nikasema ilikuwa ya marehemu Kassim. Akaniuliza warithi wa Kassim ni kina nani. Nikasema mjane wake na binti yake.

"Na wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake."

"Shemeji anarithi?"

Dada, nimebishana na watu wa bara na pwani, wenye digrii na wenye bakora, na sijawahi kukubali kushindwa. Pale niliikunja karatasi nikakaa, kwa sababu alikuwa na haki. Alisema niliyoikata ni mali ya watu ambao hawajaniruhusu, na hilo ni kati yangu na Mungu na wewe. Lakini nafasi haiwezi kuachiwa na mtu asiye mwenyewe. Akasema yeye ameweka boti yake pale kumshikia mahali mjane asije akadhulumiwa, na siku Bi Zuhura au mkwe wake atakapokuja, ataiondoa. Kikao kikamwombea mjane dua kwa kumhurumia. Wewe, Zuhura. Walikuombea dua huku ule uozo usiooza umelala juu ya jina lako.

Ataiondoa? Na aipeleke wapi? Mimi ndiye niliye na ya kwangu dirishani, najua haina pa kwenda. Twalib akija kesho na chombo kipya, atasimama majini na bamvua nyuma yake akimsubiri mwenyekiti atafute mkokoteni. Hiyo ndiyo nafasi unayomtunzia mkweo. Pale alipokatwa Mbwana atakatwa na yeye.

Unaweza kusema, kwa nini nimshikilie mwenyekiti peke yake, na wengine boti zao zimelala vile vile. Kweli. Katika ufuo mzima ni sisi tu tuliotoa yetu, na wengine wote wananiangalia kama mtu aliyevua nguo sokoni. Lakini mwenyekiti amesema mbele ya watu wote kwamba nafasi inaachiwa na mwenyewe. Amejifunga. Mwenyewe akiandika kwamba ameiachia, na kwamba haitaki ishikwe na chombo chochote kilichokufa, kiwe cha rafiki au cha mwenyekiti, basi hana mahali pa kusimama, na boti yake itatoka mbele ya macho ya wenzake. Ikitoka ya mwenyekiti, wa pili atapata aibu, na wa tatu. Pengine. Siahidi, mimi si mtume. Ninachojua ni kwamba bila neno lako hakuna hata moja itakayosogea.

Nalijua ninalokuomba. Kassim hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha mahali pa kuegesha. Miaka yote uliyokaa Likoni ukisuka ukili wa mikeka na kumngoja arudi, ulikuwa ukitazama pale. Nawe ulipanda basi la Lamu ukaniachia neno moja tu, kwamba wasimwondoe Kassim pale, nami nikakuahidi. Ningekuuliza kabla ya kushika msumeno ungenikataza, na ndiyo maana sikukuuliza. Sijisafishi. Nilivunja ahadi nikiwa na akili zangu, na aliyenikabidhi amana ana haki ya kunidai siku zote mbili, ya hapa na ya huko.

Nilikwenda kwa Mbwana nikamwambia nakuandikia. Nikamwambia pia nilichokuwa nikikikwepa tangu siku ile, kwamba alipokuja mlangoni alikuwa na haki na mimi nilijua. Yeye akauliza kama goti lako limepona, nikasema bado. Akasema:

"Mwambie dada asiitoe kwa ajili ya mguu wangu. Mguu umekwenda. Na asiizuie kwa ajili ya Kassim, Kassim alikuwa akiona mtu anakuja na samaki, anasogeza chombo chake mwenyewe, hata hajaombwa."

Hilo nililisahau, Zuhura, na nilivua naye. Alikuwa akisogeza. Karatasi yangu ndiyo iliyomfundisha mjane wake kutosogea.

Basi andika. Ukiiachia, andika kwa mkono wako, utie sahihi, na mjomba Bwanaheri atie ya ushahidi. Ukikataa, andika vile vile, na wala usinifichie ukali. Yoyote utakayoileta nitaisoma kwenye kikao neno kwa neno, bila kuongeza langu hata moja, na Mbwana akiwa amekaa pale mbele anasikia.

Msalimie Mama, umwambie macho yake nayaombea kila sala. Msalimie mjomba Bwanaheri, mlezi wetu, na umwambie kitabu chake cha tarekhe nitakirudisha. Mwanaisha binti yako na Twalib mumewe wape salamu, na barua hii wasome, sitaki iwe siri. Shangazi Rukia, mwoshaji wetu wa maiti, mwombe dua kwa ajili ya kifua changu, na jirani yako mwenye punda mpe asante kwa maji.

Ni mimi, nduguyo mdogo aliyekuvunjia ahadi na hajui kuomba radhi kwa maneno machache,

Shee